Siku Niliyokalia Kiti cha Baba Mdogo

Petroli ikimwagikia turubai lililolowa mvua hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Ina uchachu kidogo, ina joto, na nyuma yake kuna kitu kama ngozi ya kiatu cha zamani. Majuzi nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa pale Lushoto mjini, nimechoka kama ninavyochoka siku zote tangu nianze kumuuguza mama yangu. Kijana wa bodaboda alikuwa anajaza mafuta kwa chupa huku manyunyu yakianguka, na mafuta yakamwagika kwenye turubai alilofunikia mzigo. Nikasahau dawa nilizofuata. Nikawa tena na miaka tisa, nimekaa chini karibu kabisa na barabara, miguu nimeinyoosha ndani ya bati, majani ya kando yanapita kwenye usawa wa masikio yangu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana wengi wenu hamjawahi kuona pikipiki yenye kigari ubavuni. Siku hizi kuna bajaji, na bodaboda wamejaa hadi kwenye vijiji ambavyo zamani vilifikiwa na mbuzi tu. Enzi zile, kule juu ya Soni nilikolelewa, pikipiki zilikuwa za kuhesabu, na yenye kigari ilikuwa moja. Ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Nasema kwetu, ingawa palikuwa kwa Mama mdogo Damari, mdogo wake mama yangu. Niliishi kwake kwa sababu shule ilikuwa karibu, na kwa sababu yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Mumewe, Baba mdogo Yafeti, alikuwa dereva wa lori la mboga, akiteremsha kabichi na karoti kwenda Mombo. Siku moja breki zilimkatalia kwenye zile kona za chini ya Soni. Utingo aliwahi kuruka, yeye hakuwahi. Walipomtoa bondeni alikuwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. "Kwenda chini," alizoea kuwaambia wageni waliokuja kumpa pole, "nimeuachia mto."

Pikipiki aliinunua kabla ya ajali. Alipotoka hospitali alikaa ndani kipindi kirefu akiitazama kupitia mlangoni, imeegemezwa ukutani, kuku wanailalia. Kupanda nyuma ya mtu asingeweza. Miguu isiyoshika haiwezi kubana. Malori ya mboga hayakutaka kusimama kwa mtu wa kubebwa. Na kila Jumatano alitakiwa afike hospitali ya Lushoto kusafishwa vidonda vya mgongoni. Ndipo akamwita fundi wa kuchomelea kutoka Soni, akamchorea kwa mkaa ukutani anachotaka. Fundi alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akaanza kupima.

Kigari kilipokuja kilikuwa na kiunzi cha mabomba ya maji, bodi ya mapipa yaliyopondwapondwa, gurudumu lililotoka kwenye pikipiki nyingine na kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu. Upande wa nje kilikuwa na kimlango kilichoshuka hadi chini, ili mtu aburuzwe kwa makalio mpaka kitini badala ya kuinuliwa juu. Kulikuwa na turubai la kijani la kujifunika mvua. Kilifungwa kushoto mwa pikipiki, na Baba mdogo alipoketi humo mara ya kwanza alishika ukingo kwa mikono yote miwili, akasema, "Sasa Damari, njoo ujifunze kazi."

Mama mdogo hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Alifundishwa uwanja wa shule, jioni, watoto tumepanga mstari kama tunaangalia mpira. Pikipiki yenye kigari haiinamii kona kama pikipiki nyingine. Inabidi uvute usukani kwa nguvu za mabega, kama unavuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Mwanzoni kila alipotaka kwenda kulia ilikwenda kushoto, na mara mbili waliingia kwenye migomba ya mwalimu mkuu. Baba mdogo hakuwahi kumpigia kelele. Alisema tu, kwa sauti ileile, "Gia ya pili, Damari. Ya pili. Hiyo ni ya tatu. Haya, tusimame tuanze upya."

Alijifunza. Alivaa suruali ya mumewe, juu yake akafunga kitenge, kichwani skafu, akaenda barabarani. Maneno yakaanza. Mzee mmoja wa usharika alimsimamisha baada ya ibada akamwambia kwamba mwanamke kukaa vile si heshima. Mama mdogo alikuwa amechoka, nakumbuka alivyoegemea tangi la mafuta.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba."

"Mzee, nitafutie wanaume wanne wa kumbeba mume wangu kila Jumatano. Ukiwapata, Alhamisi nitarudia gauni."

Mzee aliangalia njia, akaangalia kigari, akasema Mungu awabariki, akaenda zake. Mama yangu aliposikia habari hizo alisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilifikiri anazungumzia mito ya kulalia.

Nisiwafiche, kile kigari kilikuwa raha. Baba mdogo akiwa ndani yake alikuwa mtu mwingine. Alivaa koti lake la udereva na kofia, akapunga mkono kwa kila tuliyempita kama mkuu wa wilaya anayekagua miradi. "Onga mshi," aliwasalimu kwa Kisambaa wazee waliokaa vibarazani, nao wakaitika, na kabla hawajamaliza tulikuwa tumeshapita. Mimi nilikaa nyuma ya Mama mdogo, nimemkumbatia kiuno. Toka juu niliona utosi wa kofia ya Baba mdogo na chochote alichopakata siku hiyo: kikapu cha matunda ya pea, jogoo, ngoma ya kwaya, mara moja mlango mzima wa chumba cha jirani uliosimama mbele yake, ikabidi achungulie barabara kupitia tundu la kitasa na kuwasimulia wapita njia anachokiona.

Na kilikuwa na kazi. Mtu akizidiwa usiku au mchana, walikuja kwetu. Tukimkuta njiani mama mjamzito ameshikwa na uchungu, Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeamuru yeye ashushwe. Walimburuza nje, wakamkalisha kwenye kibaraza cha nyumba iliyo karibu, mama yule akaingia, wakaondoka. Baba mdogo alibaki pale akinywa chai ya watu asiowafahamu. Wakati mwingine Mama mdogo alicheleweshwa hospitali, na giza likamkuta mzee wa watu kwenye kibaraza cha wenyewe, ametandikiwa mkeka, anawafundisha watoto wa nyumba hiyo jinsi injini inavyofanya kazi. Alisema hakuna abiria aliyewahi kushushwa njiani mara nyingi kama yeye, tena kwenye usafiri wake mwenyewe.

Nilikitamani sana kile kiti. Niliona ndicho kiti bora kupita vyote duniani, na nilimwonea Baba mdogo wivu.

Mambo ya nyumbani sikuyaonea wivu, lakini sikuyaona kuwa mazito. Mtoto huyakuta mambo yalivyo, akadhani ndivyo yalivyo kwa watu wote. Baba mdogo alitakiwa kugeuzwa. Ubavu huu, kisha ubavu ule, mchana na usiku, la sivyo ngozi ilikufa na vidonda vikarudi. Mimi nilijua saa za kugeuza kama nilivyojua saa za kengele ya shule. Mama mdogo alimgeuza, akamwosha, akafua mashuka, akaenda shamba, akarudi kumgeuza. Alikuwa analala akiwa amesimama. Nimewahi kumkuta jikoni mwiko mkononi, ugali unaungua, macho amefumba. Nilimgusa akasema, "Nasali." Nikamwamini.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa masika yalikuwa marefu. Barabara ya kushuka toka kwetu iligeuka utelezi, na Jumatano mbili zilipita bila kufika hospitali. Vidonda vikachimba. Baba mdogo aliacha mizaha. Jioni moja alikataa kula, Mama mdogo akambembeleza, na bakuli likaanguka. Sijui nani aliliangusha. Nilimsikia Baba mdogo akisema, bila ukali, "Damari, mimi nimeshaumia. Haina haja tuumie wawili." Mama mdogo aliinama akaokota maharage moja moja sakafuni, taratibu sana.

Jumamosi mvua ilipoacha, aliamka mapema kuliko kawaida. Alimwosha mumewe, akamnyoa ndevu, akambadilisha mashuka, akamwekea uji na maji mahali ambapo mkono unafika. Akamwita Mama Zubeda, jirani yetu, amwangalie mchana. Kisha akasema anakwenda Mombo kutafuta cheni ya pikipiki, maana ile ya zamani ilikuwa imelegea.

Baba mdogo alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni. "Kigari kikiwa kitupu kitanyanyuka kwenye kona za kushoto," alisema. "Pakia mawe."

Mama mdogo alitoka uani. Mawe yalikuwepo, rundo zima lililobaki wakati wa kujenga jiko. Aliyatazama. Mimi nilikuwa nafagia. Akaniambia, "Neema, acha ufagio. Panda."

Nilipanda kabla hajabadilisha mawazo.

Nimepanda vyombo vingi tangu siku hiyo, lakini hakuna kilichonipa nilichokipata pale. Ukiwa ndani ya kigari uko chini sana, lami inapita karibu kiasi kwamba unaweza kudhani ukinyoosha mkono utaipangusa. Injini huisikii masikioni, unaisikia mgongoni. Tulipita daraja la Soni, maporomoko yamejaa maji ya tope, rasharasha zikanifikia usoni. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka kwa kujisokota, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mlio wetu ulikuwa unagonga mwamba na kuturudia, kama kwamba kuna pikipiki nyingine inatufuata. Harufu ya mikaratusi ikaisha, likaja joto. Kila kona ilikuwa na hewa yake. Nilivua sweta.

Mama mdogo alikwenda mbio. Sikuwahi kumwona akienda hivyo, maana mumewe akiwamo alikwepa hata kokoto. Kwenye kona moja ya kushoto gurudumu langu liliacha barabara, nikawa nimening'inia hewani kidogo, kisha likarudi chini kwa kishindo. Nikainua uso nikaogopa atanigombeza kwa kuwa mwepesi. Alikuwa anacheka. Skafu ilikuwa imemtoka kichwani na kubaki shingoni, nywele zinapeperuka, anacheka peke yake bila sauti kunifikia. Sikujua alikuwa na meno mazuri vile.

Mombo ilitupokea kwa jua lake. Alisimamisha pikipiki kwenye kivuli cha paa la duka, mkabala na mahali mabasi yanaposimama. Aliniletea soda na chapati, tukakaa kwenye benchi. Nilingoja twende kwenye duka la vipuri, lakini hatukwenda. Mabasi yalikuja, wauzaji wa machungwa na mayai wakayakimbilia madirishani, yakaondoka, vumbi likatulia. Alipofungua mkoba wake kutoa leso niliona gauni lake la kanisani limekunjwa, na viatu vyake vizuri vimefungwa kwenye gazeti. Nikadhani labda Mombo kuna kanisa la Jumamosi.

Kondakta mmoja alitusogelea. "Mama, Tanga? Nafasi ipo."

"Bado," alisema Mama mdogo.

Akaja mwingine, wa kwenda Arusha. "Unasafiri, mama?"

"Bado."

Alikaa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka na hakulifuta. Hakuwa na uso wa huzuni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeweka mzigo chini njiani na bado hajaamua kuuinua.

Basi la tatu lilikuwa la Tanga tena. Aliinuka. Akaniambia, "Unamfahamu Mzee Hoza, yule wa duka la vipuri pale? Ni mtu wa kwetu. Jioni hupanda na lori. Nikichelewa, mwambie akupandishe."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nikamwambie Baba mdogo umechelewa."

Alivuka barabara. Nilimwona akishika chuma cha mlango wa basi. Hakupanda, hakuachia. Kondakta akawa anamsemesha. Wakati huo nilitazama jua, nikafanya hesabu niliyozoea, na nikakumbuka jambo muhimu ambalo watu wazima walikuwa wamelisahau. Nilijisikia fahari. Nilivuka nikimkimbilia, nikamvuta kitenge.

"Mama mdogo," nilimwambia, "saa ya kumgeuza Baba mdogo imepita."

Hakugeuka. Niliona tu mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Najua," alisema.

Kondakta alipiga ubavu wa basi kwa kiganja, likaanza kusogea, na mkono wa Mama mdogo ukaachwa hewani, umekunjwa bado kama umeshika kitu.

Tulipanda mlima polepole na pikipiki yetu. Mvua ilitukuta katikati ya kona, akasimama akanifunika turubai hadi kidevuni, yeye akaendelea kulowa. Cheni ililialia njia nzima. Mimi nililala. Niliamshwa na ukimya wa injini kuzimwa nyumbani, na Mama Zubeda ametoka mlangoni na sufuria mkononi.

"Mbona umerudi leo?" alisema, kwa mshangao wa kweli. "Mzee alinieleza kwamba huenda ukakaa huko siku nyingi. Ameshazungumza na kijana wangu awe anakuja kumgeuza. Tumemgeuza vizuri tu. Tumemlisha."

Mama mdogo hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu siku nyingi. Alikaa kwenye kizingiti, na nguo zake zinachuruzika, akabaki hapo. Mama Zubeda alimtazama, kisha bila kuuliza zaidi akaniingiza jikoni, akanivua nguo zilizolowa. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Nilisikia mlango, kisha kitanda kikilia Mama mdogo alipokaa.

"Ile kona ya mwisho umepandia gia ya pili," alisema Baba mdogo. "Nimeisikia."

"Ya kwanza. Palikuwa na utelezi."

"Basi ni cheni."

"Ni cheni."

"Hawakuwa nayo?"

"Sikuuliza," alisema Mama mdogo.

Sauti iliyofuata sikuwahi kuisikia katika nyumba ile, nikataka kwenda kuona, Mama Zubeda akanishika bega. Walikuwa wanalia wote wawili.

Baba mdogo aliishi miaka mingine kadhaa. Baada ya siku ile kijana wa Mama Zubeda aliendelea kuja kumgeuza jioni, na mama yangu akawa anakuja kutoka kwake Mponde mwisho wa mwezi, ili Mama mdogo alale usiku mzima. Hakuna aliyetangaza kwa nini. Jumatano waliendelea kwenda Lushoto, yeye na kofia yake akipunga mkono. Alipofariki, kigari kilifunguliwa kutoka kwenye pikipiki, na Mama mdogo akaendesha ile pikipiki peke yake mpaka mgongo ulipokataa.

Nilipokuwa mtu mzima nilielewa yale ya mkoba na viatu, kama mnavyoelewa ninyi sasa. Hilo halikuwa gumu. Gumu lilikuja hivi karibuni, baada ya mama yangu kupata kiharusi na mimi kuanza kuamka usiku. Nilipokuwa mtoto nilijua uchovu ni kitu kinachoisha ukilala. Sasa najua upo uchovu ambao hauishi ukilala, na kwamba mtu anaweza kumpenda mgonjwa wake, akajua kila saa yake, na bado akasimama mbele ya basi lolote lile bila kujali linakwenda wapi. Kwa miaka mingi niliisimulia habari ile kama ya mke aliyekuwa karibu kumtoroka mumewe. Nilikuwa nimemsahau mwanamume aliyelala ubavu, aliyempangia mkewe njia ya kuondoka, kisha akakaa kusikiliza barabara.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Mama mdogo. Ni mzee sasa, lakini akili yake ni safi. Nilimsalimu, nikamwekea sukari na sabuni nilizomletea, nikakaa karibu naye jikoni. Hakuniuliza habari za mama. Alinitazama machoni tu, akanimiminia chai, akaniambia nilale kidogo pale kitandani kwake kabla ya kurudi. Nililala. Nilipoamka alikuwa amekaa palepale, na nikapata ujasiri wa kumuuliza kuhusu Mombo, kama aliwahi kujuta kurudi.

Alifikiri sana. Hakuwa na haraka.

"Kuna siku nilijuta," alisema. "Na kuna siku sikujuta. Siku zilikuwa nyingi, mwanangu."